Mume kanunua boti anataka tuhamie humo na watoto, kuna aliyewahi kuishi hivi?

BintiNgamiani

Habari zenu jamani, naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjaanza kunicheka.

Mi mtu wa Tanga, nimeolewa na Mholanzi huu mwaka wa tisa, tunaishi Kilifi, tuna watoto wawili, binti ana miaka 7 na mdogo wake wa kiume 3. Mume anafanya kazi za kompyuta kwa mtandao kwa hiyo popote penye intaneti kwake ni ofisi. Sasa mwezi uliopita kanunua boti. Sio ya kuvulia wala ya kutembezea wageni, boti ya tanga ya kuishi ndani, futi 38, bodi ya chuma, imetengenezwa 1986, aliyemuuzia ni mzee mmoja kazunguka nayo weee mpaka magoti yakamshinda. Ipo hapo kwenye kriki imetia nanga na zile nyingine. Mkataba wa nyumba unaisha Disemba na yeye anataka tusiurudie, tuuze makochi na friji tuhamie majini. Mwaka wa kwanza tuzunguke hapa hapa, Kilifi, Shimoni, Pemba, Tanga, tukizoea ndo Shelisheli na Madagaska.

Kiukweli sijakataa. Nimeshalala humo mara mbili, usiku wa kwanza nilitapika, wa pili nikalala kama mtoto, alfajiri nikaamshwa na kitu kinalia tik tik tik tik chini ya bodi nikamwamsha mume nikamwambia inavuja, akacheka akasema ni wale kamba wadogo wa baharini ndo hulia hivyo, na kumbe kweli ukiweka sikio kwenye chuma unasikia kama mtu anakaanga bisi.

Ila kuna mambo yananinyima usingizi. Huyu wa miaka 3 hatulii, nchi kavu tu nimeshamtoa kwenye pipa la maji mara moja, huko itakuwaje? Shule ya dada yake je? Mtoto akishikwa na homa usiku tuko katikati ya Pemba na kwengineko namkimbiza wapi? Halafu mama yangu. Mama nilipomwambia alinyamaza kwenye simu mpaka nikadhani salio limeisha, halafu akasema "mwanangu, hata Nabii Nuhu alishuka." Tangu siku hiyo akipiga anaongea na wajukuu tu.

Kuna mtu yeyote humu, mweusi mwenzangu, aliyewahi kuishi maisha haya na familia? Maana video za Wazungu nimeangalia zote na wote wanacheka tu, hakuna hata mmoja anaonyesha anafulia wapi.

Pweza_Mkavu

Anafulia wapi 😂😂 hilo ndo swali la msingi. Nakaa hapa nisubiri majibu.

MamaKatamarani

Karibu mwenzangu, nimesoma mpaka kwa Nabii Nuhu nikacheka peke yangu jikoni. Mi mtu wa Mombasa, tumeishi kwenye katamarani, ile boti ya bodi mbili, miaka mitano, tulianza mkubwa ana 6 mdogo ana miezi 14, kwa hiyo hapo ulipo nilishapita.

Tuanze na mdogo maana huyo ndo roho yako ilipo. Zungusha nyavu boti nzima, zile kamba za chuma za pembeni zifungwe wavu kuanzia chini mpaka juu kama goli, macho madogo, na kila wiki uvute kwa mkono uone haijaoza na jua. Pili, mkanda. Mtoto hatoki mlangoni bila mkanda uliofungwa kwenye boti, na sheria hii haina leo nimesahau, hata mkiwa nanga maji kama kioo. Usiku mkiwa safarini na nyinyi wakubwa vilevile. La tatu utanicheka lakini nilimfunga wangu kengele mguuni, ile ya mbuzi, mume aliona kama nadhalilisha mtoto wake. Ikilia najua yuko wapi, ikinyamaza naacha sufuria nakimbia. Miezi minane kaivaa ile kengele. Mpaka leo nikisikia mbuzi anapita naangalia nyuma.

Lakini wallahi kilichoniumizia watoto sio bahari, ni jiko. Tuko nanga, shwari kabisa, nimemimina chai, boti ya mwendo kasi ikapita karibu mawimbi yake yakaja ubavuni, birika likaruka paja la mkubwa. Kovu analo. Tangu hapo nikawa namimina vitu vya moto ndani ya sinki, kikombe kikae ndani ya sinki, hata nikiwa nyumbani nchi kavu nafanya hivyo shemeji zangu wananishangaa. Na gesi, sikiliza hapa vizuri, gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, nyumbani ikivuja inatokea mlangoni, kwenye boti inashuka kwenye ngama, lile shimo la chini kabisa ya sakafu, inakaa huko inasubiri cheche. Funga kwenye mtungi kila ukimaliza kupika, sio kwenye jiko, kwenye mtungi.

Kufua: ndoo. Unaloweka, mtoto anapanda humo anakanyaga kama anacheza chakacha, suuza ya kwanza maji ya chumvi ya mwisho maji matamu kidogo, maana nguo ikibaki na chumvi haikauki, inavuta unyevu kila jioni na ngozi inawasha. Kuoga ni hivyohivyo, jirushe baharini, sabuni, halafu lita moja ya maji matamu ya kujimwagia. Nepi zilinitoa machozi, sitaki kuongelea.

Shule tulisoma saa mbili mpaka saa tano asubuhi, tukiwa nanga tu. Safarini hakuna shule, atakayekwambia anafundisha hesabu boti inaruka mawimbi muulize yeye anatapikia wapi. Intaneti sasa sio shida kama zamani, ile ya setilaiti imeingia Kenya tangu 2023, ila vitabu pakua kabla hujaondoka.

Homa: kabla hamjaenda mbali tafuta daktari mmoja mnayemwamini akupangie boksi la dawa kwa uzito wa kila mtoto, akuandikie kwa mkono wake dozi, na vipimo vya malaria vile vya tone la damu ujue kuvitumia. Mwaka wa kwanza msiende mahali ambapo ni zaidi ya siku moja kutoka hospitali. Pia ile EPIRB, kifaa cha kuita msaada kwa setilaiti, hakikisheni imesajiliwa kwa jina lenu na sio la yule mzee aliyewauzia, maana huku kuna kituo cha uokoaji Mombasa na wakipokea ishara kitu cha kwanza wanataka kujua ni boti gani na namba gani ya kupiga.

Sasa kitu ambacho video hazisemi. Pasipoti. Mumeo ana ya Uholanzi, wewe (kama hujabadilisha) una ya Tanzania. Mkiingia Mayotte au Réunion, visiwa vya Ufaransa, yeye kashuka kanunua mkate, wewe unataka viza, na ile ya Schengen ya kwenda kwa wakwe haikusaidii, kule ni viza yake mbali. Mi nimekaa ndani ya boti siku nne naangalia mji kwa darubini. Naona watu wananunua embe. Shelisheli hawana shida na viza, ila beba kadi ya homa ya manjano. Kwa hiyo ramani ya safari msichore kwa upepo tu, mchore na kwa pasipoti yako.

Na la mwisho ndo zito. Bibi yangu aliyenilea amefariki tuko Chagos, visiwa vya katikati ya Bahari ya Hindi. Pale tulipotia nanga hakuna duka, hakuna ndege, hakuna mtu, wenyewe wa visiwa wale Waingereza waliwahamisha wote kati ya 1968 na 1973, zimebaki kuta za kanisa na makaburi minazi imeota katikati. Nimepata meseji ya simu ya setilaiti, herufi chache tu, "Bibi katutoka, kazikwa alasiri." Wewe Mswahili unajua, sisi maiti haingoji. Hata ungekuwa Nairobi hukuwahi labda. Lakini kuna tofauti ya mtu ambaye hakuwahi na mtu ambaye hakuwepo. Nilivyorudi baada ya miezi mitano nikaenda kutoa pole, shangazi yangu akanipokea vizuri, akanipikia, akaniuliza habari za baharini, na hakulitaja jina la bibi hata mara moja. Hapo ndo nilijua nimekosea kitu ambacho sitaweza kulipa.

Sijutii lakini. Nakwambia ili ukiamua uamue na hili ndani.

BintiNgamiani

Dah. Nimesoma ya bibi mara mbili. Asante sana dada yangu. Kengele nimeshaagiza 😅

Mzee_wa_Kazi_Mjini

Dada tusidanganyane, Mzungu akichoka pesa anatafuta shida ya kununua. Watu wanapanda maboti kukimbia umaskini nyie mnapanda kukimbia nyumba yenye umeme na maji. Na mmesahau mwaka 2009? Familia ya Wafaransa na boti ya tanga kama hiyohiyo, na mtoto wa miaka 3 kama huyo wako, wanakuja zao Zanzibar, wakatekwa na maharamia wa Kisomali, makomandoo wa Ufaransa walivyokuja kuokoa baba mtu akauawa mle mle. Mwaka huohuo Waingereza wawili mke na mume wametoka Shelisheli wanakuja Tanzania wakakamatwa, wamekaa kwa Wasomali zaidi ya mwaka. Baada ya hapo mama yako akisema Nuhu alishuka wewe unatafuta nini tena.

MamaKatamarani

Hayo ya kweli na wala sikatai. Sisi ndo maana hatukuanza mpaka miaka ile mibaya ilipopita. Makampuni ya meli yenyewe yaliifuta ile alama ya eneo la hatari Januari 2023, ila mwisho wa mwaka huohuo wakateka meli tena, kwa hiyo usiweke nta masikioni. Kaskazini ya Lamu sipeleki mwanangu hata kwa kulipwa. Kusini ya Kilifi ni habari nyingine. Lakini kwamba Wazungu wamechoka pesa, kwenye nanga nimekutana na fundi bomba, muuguzi, mwalimu mstaafu, wengi wameuza nyumba ndo boti ikapatikana. Hakuna tajiri pale, matajiri wana maboti yenye mabaharia.

Fundi_Wasini

Asalaam alaykum. Naandikiwa na mjukuu wangu, mimi ni fundi wa vyombo, majahazi na mashua, na siku hizi nawatengenezea na hawa wa yoti kazi za mbao za ndani.

Mwanangu Binti, boti ya chuma ya 1986. Nje watakuonyesha rangi nyeupe inang'aa mpaka unajitazama. Usitazame nje. Chuma huliwa kwa ndani. Inua mbao za sakafu, ingia ngamani na tochi, pale maji yanapotuama chini ya injini, chini ya choo, chini ya tangi, na kila mahali walipobandika godoro la kuzuia joto, hapo ndipo kutu hukaa kimya. Gonga na nyundo ndogo. Chuma kizima kinaimba, chuma kilichokwisha kinasema "pu". Halafu iteni mtu mwenye ile mashine ya kupima unene wa bati kwa sauti, apime mraba kwa mraba, aandike namba. Na zile zinki zilizofungwa chini ziangalieni kila chombo kikipanda, hizo ndizo zinazoliwa badala ya bodi, zikiisha inaliwa bodi. Majahazi yetu tunayapaka deheni, mafuta na chokaa, na sifa, yaani mafuta ya papa, juu, na kalafati, kuziba nyufa kwa pamba, kila mwaka, watu wanaona kazi. Hiyo ya chuma nayo ina deheni yake, isipokuwa ya kwao inauzwa kwa dola. Wakati mwingine rangi ya chini huwa na shaba, ikigusa chuma bila rangi ya kuzuia katikati inakitoboa, ulizeni mzee alipaka nini.

Sasa safari. Mumeo ana kompyuta lakini mkondo hausomi kompyuta. Bahari hii yetu mkondo unakwenda juu, kaskazini, mwaka mzima. Kusi, upepo wa kusini, likishika, Aprili mpaka Septemba hivi, mkondo unafika noti 4, yaani maili 4 za baharini kwa saa, na chombo chenu na familia ndani na madumu na baiskeli kitakwenda noti 5. Mkitoka Kilifi kuja Shimoni kwenye kusi ni maili 70 na mtazikaa siku tatu mnatazama mnazi uleule. Ngojeni kaskazi, upepo wa kaskazini, Disemba mpaka Machi, mkondo unalegea, upepo uko nyuma, mnashuka Shimoni, Pemba, Tanga kama mtu anayeteremka ngazi. Kurudi, kusi linawarudisha. Wazee walikwenda hivyo hawakuwa wajinga.

Shelisheli ni mbali, karibu maili 950, na upepo ukiwa kaskazi au kusi wote unakujia upande wa omo, mbele ya chombo, ni kwenda joshi, kuukabili upepo, njia nzima, chombo kimelala ubavu, watoto wanaishi ukutani. Kuja huku kutoka kule ni raha, kwenda ni kazi. Msiifanye safari ya kwanza.

Tufani: huku kwetu karibu na ikweta hazifiki kwa kawaida, ndiyo maana watu wa yoti wanajificha Kilifi Novemba mpaka Aprili. Chini huko sivyo. 2019 Kenneth alipita Komoro akaingia Msumbiji. Mei 2024 Hidaya alifika mpaka Mafia, na watu walikuwa hawajazoea. Disemba ileile ya 2024 Chido akaipiga Mayotte, yoti zilitupwa juu ya nchi kama kandambili. Kwa hiyo Madagaska ni ya baridi, Mei mpaka Oktoba, ikifika Novemba muwe mmeshapanda juu.

Na huyo bwana anayesema ni mambo ya Wazungu. Wapemba wanakwenda dago, kambi za kuvulia, miezi, wanalala mchangani na kwenye mashua, ila kweli wake wanabaki nyumbani. Lakini Madagaska upande wa magharibi, Maintirano huko, nimewaona Wavezo kwa macho yangu. Mume, mke, watoto, kuku, sufuria, wote ndani ya ngalawa moja, wanahama na samaki, wakifika kisiwa cha mchanga wanateremsha tanga, wanalisimamisha kwa mlingoti, ndiyo nyumba. Mtoto anazaliwa anaijua sauti ya maji kabla ya sauti ya jogoo. Hawakununua shida, ndiyo kazi yao.

Mama yako mwite aje akae chomboni. Usimweleze. Mwite.

BintiNgamiani

Shikamoo mzee wangu, na mjukuu asante kwa kuandika. Leo hii mume kashuka ngamani na nyundo. Mahali pawili pamesema "pu". Sura yake natamani mngeiona.

Fundi_Wasini

Marahaba. Mahali pawili si pengi. Pandisheni chombo, msikirudishe majini mpaka pakatwe.

mtoto_wa_nanga

Niongee na mimi maana hapa wanaongea wazazi tu. Nina miaka 22, mama Mdigo baba Mjerumani, nimeishi kwenye boti kuanzia miaka 4 mpaka 13. Yani mimi ndo huyo binti yako miaka kumi na tano mbele.

Nilijua kusoma jedwali la maji kabla ya kujua kuendesha baiskeli. Baba hesabu zote alifundishia hapo, bamvua, yale maji makubwa, inapanda mita 3 na nusu, sisi tunataka mita moja na sentimita themanini kupita kwenye mwamba, saa ngapi tuondoke? Ukikosea jibu unasikia mwenyewe chini ya boti krrrr. Kuogelea, kupiga mbizi, kupika mkate, kuongea na meli kwenye redio chaneli 16 na sauti ya mtu mzima, yote hayo kabla ya miaka kumi. Ukiniuliza kama nilikuwa na furaha, ndio, sana, kwa miaka kama sita.

Halafu nikafika kumi na moja. Boti haina mlango wa kubamiza. Sijui nielezeje hii kwa mtu mzima, nilikuwa na hasira na mama nataka kuondoka na pa kuondokea ni mita tatu, nikienda mbele ananiona kupitia dirisha la juu. Nilikuwa nachukua dingi, kile kiboti kidogo cha kufikia nchi kavu, napiga makasia mpaka nisisikie sauti zao halafu nakaa tu hapo naelea. Mama alikuwa akinipungia mkono. Ananipungia mkono! Nilikuwa nimesusa!

Na marafiki. Kwenye nanga unakutana na watoto wa boti nyingine, mna wiki mbili labda, halafu upepo unageuka mmoja anaondoka. Kwa hiyo mnajifunza kuwa marafiki haraka haraka, siku ya kwanza mmeshaambiana siri zote. Nilivyokuja kuanza shule Mombasa nina 13 nikafanya hivyohivyo, siku mbili nimeshamwambia msichana wa dawati la mbele kila kitu cha maisha yangu mpaka ugomvi wa baba na mama, akaniogopa, akahama dawati. Hakuna aliyenifundisha kwamba nchi kavu watu wana muda.

Masomo nilikuwa mbele yao kwa hesabu na jiografia, nyuma kwa kuandika Kiswahili cha shule, insha zangu zilikuwa zinachekesha darasa, ngeli zangu ziko kama za mgeni. Mama alikuwa na sheria mezani Kiswahili tu, ndo iliyoniokoa, na wewe fanya hivyo, kwenye boti ukiwa Mswahili mmoja peke yako lugha inakufa mdomoni mwa watoto bila wewe kusikia.

Kwa vile mumeo Mholanzi najua atakutajia Laura Dekker, wote humtaja. Alizaliwa kwenye boti New Zealand 1995, miaka 13 akataka kuzunguka dunia peke yake, mahakama ya Uholanzi 2009 ikamzuia ikamweka chini ya uangalizi wa ustawi wa watoto, mwisho wakamruhusu, kamaliza Januari 2012 ana 16. Baba yangu alikuwa anaisema hii hadithi kama ushindi. Mi nilikuwa nasikia kitu kingine, kwamba kuna mtoto aliyelelewa baharini na alichotaka kuliko vyote ni boti yake mwenyewe asiyekaa mtu mwingine ndani 😂

Ushauri wangu mdogo tu. Mpe binti yako kisanduku chenye kufuli, na pazia la kufunga kitanda chake, na sheria kwamba pazia likifungwa hata baba haongei naye. Na kila mwaka mkae mahali pamoja miezi mitatu angalau, palepale, awe na rafiki anayeweza kugombana naye na kupatana.

MamaKatamarani

Huyu mtoto kaniliza. Naenda kumuuliza mkubwa wangu kitu.

Mzee_wa_Kazi_Mjini

Mi bado sipandi ila heshima kwako mdogo wangu, hiyo ya dawati imenigusa.

Pweza_Mkavu

Na gharama je jamani? Mi nina basikeli tu nauliza kwa niaba ya rafiki.

MamaKatamarani

Watu wa boti husema weka asilimia 10 ya bei ya boti kila mwaka kwa matengenezo. Boti nzee ongeza. Chakula ni kilekile, samaki bure, nanga bure sehemu nyingi, pesa inaliwa na vitu vinavyokufa: pampu, betri, injini ya dingi, tanga. Sisi tukikosa pesa tunakaa nanga mahali pamoja tunakula kunde.

BintiNgamiani

Nimerudi baada ya wiki tatu. Boti imepandishwa, bati zimekatwa kama ulivyosema mzee Fundi, ila sehemu nne sio mbili, gharama mume kaniambia kwa sauti ndogo. Imeshuka majini juzi.

Nilimwita mama. Sikumweleza kitu, nikamtumia nauli ya basi tu nikamwambia wajukuu wanamtaka. Kufika kriki nikamwonyesha dingi akasema mi siingii kwenye kikarai hicho. Mjukuu wake mkubwa akamvalisha laifjaketi akamfunga na kamba akamwambia "bibi sheria ni sheria." Akaingia kashika buibui kwa mkono mmoja na pochi kwa mwingine, anasoma dua njia nzima.

Ndani akakagua kama anakagua nyumba ya posa. Kafungua kila kabati. Kauliza qibla iko wapi, mume akasema inategemea maji, boti ikigeuka na maji kujaa kibla nacho kinageuka, mama akamtazama sanaaa. Halafu mume akamwonyesha dira. Akaswali kakaa, boti ikageuka kidogo katikati, akamaliza akasema Mwenyezi Mungu anajua nilianza wapi.

Jioni akapika. Wali wa nazi na changu kwenye jiko lile linalobembea, nikamwambia amimine ndani ya sinki akasema usinifundishe. Alilala kwenye kitanda cha binti, binti kafunga pazia wote wawili ndani, nikasikia wanacheka, nilivyoongea wakaniambia pazia limefungwa.

Asubuhi wakati namrudisha nchi kavu hakusema nimekubali wala nimekataa. Alisema mbili tu. Moja, nisiende popote ambako ndege haifiki akiwa hai. Mbili, kwamba ule wavu tuliozungusha una macho makubwa, mguu wa mtoto unapita. Kachukua kipimo na kidole.

Kwa hiyo Disemba tunahamia, ila Chagos nimemwambia mume aifute kwenye ramani, kaifuta mbele yangu. Shelisheli inabaki, kule ndege inafika.

Sasa swali: Tanga napata wapi wavu wa nailoni mzito macho kama inchi moja na nusu? Kilifi nimekosa.

Fundi_Wasini

Nenda Deep Sea, soko la samaki hapo Tanga, asubuhi mapema samaki wanaposhuka, waulize wavuvi wenyewe wananunulia wapi, usianzie dukani. Uzi mweusi, mweupe huliwa na jua. Na mwambie mama yako salamu, huyo ndiye nahodha.